Uwele na Maziwa Mgando

Saa saba mchana Redempta alimaliza kuosha sufuria za watu, akatoka uani na chakula chake mwenyewe: ugali wa uwele, maziwa mgando, na kitunguu saumu alichokitwanga na pilipili. Aliketi kwenye ngazi ya nyuma. Katika miaka kumi na tisa ya kupika kwenye nyumba hiyo ya Utemini, Singida, hakuna aliyewahi kumkataza kula mezani. Ila hakuna aliyewahi kumwambia akae, na hilo lilimuuma.

Siku hiyo Malti, mwenye nyumba, alikuwa akimkumbuka marehemu mama mkwe wake. Mezani palikuwa na vichapati vya puri, wali wa maziwa na mboga za aina tano. Kitunguu saumu hakikuruhusiwa jikoni tangu asubuhi, ndivyo dini yao inavyotaka.

Marehemu aliingia kwa mlango wa mbele kama kila mwaka, akavua ndala. Aliitazama sahani aliyoandaliwa, hakuigusa. Akapita jikoni mpaka uani.

"Shikamoo, Bibi," alisema Redempta, akisogea ukutani ampe nafasi.

"Marahaba. Hicho ni kitunguu saumu?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alimega, akachovya, akafumba macho. Alisema kijijini kwao Gujarat unga wa uwele waliukanda wakauchoma kuwa mkate, wakaula na mtindi na kitunguu saumu vivyo hivyo, wala hakwenda mtu wa Singida kuwafundisha.

Redempta alimfikiria bibi yake wa Iguguno, ambaye bahari hakuwahi kuiona. Moyo ulimjaa fahari. Wanawake wasiojuana, kila mmoja na nafaka ya nchi kavu na kibuyu cha maziwa, walikuwa wameipata ladha ileile kwa akili zao. Hakuna mpishi wa hoteli aliyewahi kufanya kikubwa kuliko hicho.

Malti alitokeza mlangoni. Marehemu asipokula, kumbukumbu haijapokelewa. Sasa alikuwa akila, lakini nje.

"Redempta, ugali umebaki?"

"Upo, Mama Shreya."

"Ulete mezani."

Redempta alinawa, akavua aproni, akaingia na ugali. Bhavesh, mume wa Malti na mtoto wa marehemu, alionja, kisha akaongeza tonge.

"Hiki ni chakula cha kwetu kabisa," alisema.

Binti yao Shreya aliomba kitunguu saumu, akapewa, kwa kuwa bibi mwenyewe alishaanza. Kiti cha marehemu kilikuwa wazi. Redempta alisimama nyuma ya kiti hicho, mkono ukiwa juu ya egemeo.

"Ahsante sana, Redempta," alisema Malti, kwa upole wa kweli. "Mwakani upike wa kutosha."

Redempta alirudi uani. Marehemu alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria, nusu amemwekea yeye. Walikula bila haraka. Ndani walisikika wakisifu, mmoja akimpokea mwenzake, mpaka Malti alipokuja kuufunga mlango, taratibu, kwa sababu ya inzi.