Mchicha wa Kwenye Daftari

Fundi cherehani alipokuwa na mimba ya bintiye, kliniki ilimpa daftari aandike kila alichokula. Akaandika kweli. Kila jioni alijiegemeza kwenye mto wa kitandani, mkono mmoja ukichota karanga za chumvi pakitini, wa pili ukiandika: mchicha, maharage, papai, maji glasi nane. Nesi alimsifu mbele ya wajawazito wenzake, naye akainamisha macho kama bibi harusi.

Miaka kumi baadaye akaitwa tena. Kliniki ilitaka kujua kama chakula cha mama wakati wa ujauzito kina uhusiano na presha yake ya baadaye. Fundi akavaa gauni alilojishonea mwenyewe, akaenda kwa madaha.

Nesi yule yule, sasa mwenye miwani, akamfunga mkanda mkononi, akabonyeza mpira. Akatazama. Akapima tena.

"Mama, presha yako iko juu."

"Ni hizo ngazi, dada. Zimenichosha."

"Ngazi zipi? Hapa ni chini."

Nesi akafungua daftari la zamani, akakuna kichwa.

"Wewe ndiye uliyekula vizuri kuliko wote. Sasa niandike nini? Kwamba mchicha unapandisha presha?"

Jasho likamtoka fundi. Aliona wajawazito wa kliniki nzima wakikatazwa mboga kwa ajili yake.

"Dada, nikikuambia kitu hutakasirika?"

"Sema tu, mama."

"Ule mchicha niliula kwa kalamu. Kilichopita mdomoni ni karanga za chumvi."

Nesi alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akawa makini: vidonge kila siku, chumvi ipungue, arudi baada ya wiki mbili bila kukosa.

"Presha ina sababu nyingi, tusizisingizie karanga pekee. Lakini umefanya vizuri kusema."

Machozi yakamlengalenga fundi. Bintiye bado mdogo, na alitaka kumwona akikua.

Nje aliwakuta wenzake wa zamani wamejipanga kwenye benchi.

"Jamani," akawanong'oneza, "humo ndani wanafungua madaftari."

Benchi zima likanywea. Aliyekuwa mbele akainuka, akagonga mlango.

"Samahani, nesi. Kabla hujanipima, kuna kurasa mbili tatu nataka kurekebisha."

"Mbili tatu?" akadakia aliyemfuata. "Mimi la kwangu lichome tu, tuanze upya."