Bamba la Nyuma

Mimi subira sina, na hapa ghubani kwetu, kisiwani Newfoundland, kila mtu anajua. Cyril, mume wangu, aliposema tulisugue jiko la kuni la mama taratibu, nilimpokonya brashi ya waya nikasugua kwa hasira za miaka hamsini na minne.

Hasira zenyewe ni hizi. Nilipokuwa na miaka saba, moto ulitoka kwenye jiko hilo ukala nusu ya nyumba yetu. Tulitoka wazima, lakini Ambrose, mdogo wake baba, alitangaza mbele za watu kwamba mama alijaza kuni kupita kiasi. Mama akaamini. Hakuwasha moto tena miaka yote hiyo, na sasa umri wake themanini na minne. Na kila tukikaa kwenye karata, Ambrose hamkosi: "Jamani, Filomena asipewe kiberiti!" Watu hucheka. Mama naye hucheka, halafu hutazama karata zake muda mrefu.

Jiko lililala bandani tangu siku ile, nami nilitaka kitu kimoja tu: mama aote moto wake kwenye gereji yangu, bila woga.

Basi nikasugua. Kutu ikatoka, rangi nyeusi ikatoka, na kwenye bamba la nyuma brashi ikazama. Simenti! Simenti kuukuu, inayopukutika, imejazwa kwenye ufa mrefu kuliko mkono wangu.

"Cyril! Njoo uone! Njoo, mwanamume wewe!"

Akavaa miwani, akachokonoa kwa bisibisi. "Ufa wa kale huu, Loretta. Masizi yapo chini ya simenti. Aliyeliuza alijua, akauziba, akapaka rangi juu. Moto ulipitia hapa."

"Na aliyeliuza ni nani?"

Akavua miwani. Alijua kama nijuavyo mimi: baba alilinunua kwa Ambrose, wiki tatu kabla ya moto.

Weee! Nilipiga kelele mpaka shakwe wakaruka kutoka paani. Kosa halikuwa la mama! Nikalia, nikacheka, nikambusu Cyril na masizi yangu usoni. "Za mwizi arobaini! Naenda kwake sasa hivi, na nyundo hii!"

"Kwanza liwe jiko la kuwaka," Cyril akasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Baraka zako weka mfukoni!" Lakini nyundo niliiweka chini.

Tukapata bamba zima kutoka jiko bovu la aina ileile. Tukatia kamba mpya isiyoungua kwenye ukingo wa mlango wa jiko, ufunge bila mwanya, na bomba jipya la moshi. Jiko tukalisimamisha juu ya matofali, mbali na ukuta. Gari likalala nje, madumu ya petroli yakahamia banda la nyavu, mtungi wa kuzimia moto na king'ora cha moshi vikapata misumari yake ukutani. Tukaweka taa ndani ya jiko, tukazima za gereji: hata uzi wa mwanga haukupenya. Niliruka kama mtoto! Kisha tukalipaka rangi mpya ya jiko, tukaliwasha moto mdogo mara tatu, milango ya gereji wazi, rangi ikauke.

Jumamosi watu wakaja na karata na samaki wa chumvi. Mama alisimama mlangoni, koti mwilini, hataki kuingia. Ambrose akaanza, "Jamani, Filomena asipewe—"

Nikalibwaga bamba la zamani mezani, karata zikaruka. "Baba mdogo, hili unalifahamu?"

Akautazama ufa. Uso ukamwiva, kisha ukapauka.

"Nilidhani simenti itashika," akasema. "Nyumba ilipoungua nikaogopa. Ikawa rahisi kusema ni yeye."

Hakuna aliyecheka. Maneno nilikuwa nayo, maneno ya kumvua nguo mbele ya ghuba nzima! Lakini mama alinishika bega akapita.

Akavua koti. Akapima kwa mkono nafasi ya jiko na ukuta. Akabana kipande cha karatasi kwenye mlango wa jiko, akavuta, hakikutoka. Akapanga vijiti vyembamba, juu yake kuni mbili za msonobari, kama aliyefanya hivyo jana. Kisha akanyoosha kiganja nyuma, bila kugeuka.

"Shemeji," akasema, "nipe kiberiti."

Ambrose akainuka, akampa.