Malai ya Tui

Tui lilikatika wakati nikisema shikamoo.

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, mtaa wa Dunda, tangu baada ya chai ya asubuhi, nakoroga tui zito la nazi tano kwa moto mdogo kabisa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye nyusi. Sukari ilikuwa imeshayeyuka, hiliki imeshanukia, na tui limeanza kushika mgongo wa mwiko, nami nikilibembeleza kama mtoto mwenye usingizi. Ndipo nikasikia hodi. Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wangu, Bi Sabiha, ndani ya buibui lake jeusi, na alikuwa hajakanyaga nyumba yangu kwa karibu mwaka mzima.

Mwanamke mwingine angesema "Karibu mama, shikamoo" huku mkono unaendelea kukoroga. Lakini mimi nimelelewa kijijini Miono na Bibi Chausiku, na kwa Bibi Chausiku salamu haitupwi begani kama taulo. Mkubwa akifika unaacha ulichoshika, unafuta mikono, unapiga goti, na mambo mengine ya dunia yanangoja. Tena huyu hakuwa mkubwa wa hivi hivi. Huyu nilikuwa nikimwogopa, nikimkasirikia na nikimtamani aje, yote kwa pamoja. Nikaweka mwiko. Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema. Baba Lulu hajambo?"

"Hajambo, yuko kazini."

"Na mtoto?"

Hapo kwenye "na mtoto" sauti yake ilikwama. Nami nikakawia kujibu, na katika kule kukawia nikasikia nyuma yangu sufuria inatokota. Nilipolifikia jiko mambo yalikuwa yameshaharibika. Mafuta yalielea juu, maji yalikuwa chini, na katikati yake chengachenga nyeupe zisizotaka tena kujuana. Na vunjajungu ilikuwa kesho.

Inanibidi nirudi nyuma kidogo, maana mtu hawezi kulilia sufuria ya tui bila sababu.

Watu wa mume wangu Twalib ni wa Mji Mkongwe wa hapa kwetu, na ukiwataja pale sokoni watu watakuuliza, "Wale wenye malai?" Wana mashine ya mkono ya kutengenezea malai, ya zamani: pipa la mbao, ndani yake kopo refu la bati, na ndani ya kopo mapezi ya mbao yanayozungushwa kwa mkono wa chuma. Baina ya kopo na pipa hutiwa barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe. Ukizungusha nusu saa bila kuchoka, maziwa yanaganda, yanageuka malai laini kiasi kwamba ulimi hauoni pa kukwaruzia. Mapezi yale aliyachonga marehemu Mzee Abdulwahab, mume wa Bi Sabiha, mwaka waliooana.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu kutufunga midomo, ukoo mzima huenda kuvunja jungu ufukweni Mlingotini. Pilau linapakiwa, samaki wa kupaka anapakiwa, na pipa linapewa kiti chake kwenye gari kama bibi harusi. Kule, Bi Sabiha huketi kwenye kigoda akagawa malai kwa mkono wake mwenyewe, akianzia mtoto mdogo kuliko wote. Mimi nilipokuwa mgeni, nilipewa bakuli langu mwisho kabisa, nikaambiwa, "Mtu wa Miono, kula taratibu, baridi ya mjini inauma meno." Watu wakacheka, nami nikacheka. Siku ile nilimpenda mama yule, na nilijua nimeshakuwa wa nyumba ile.

Kisha akaja Lulu. Lulu alikuwa hawezi maziwa ya ng'ombe. Tone likimgusa, anavimba, anatapika, anatoka mabaka. Daktari akasema ni mzio, asionjeshwe hata kidogo. Bi Sabiha akauliza mzio ndiyo kitu gani, maana yeye amelea watoto tisa kwa maziwa na hakuna aliyevimba ila kwa ulafi. Basi kila vunjajungu wenzake wakila malai, mwanangu huketi pembeni ya mkeka na barafu yake nyekundu ya kwenye mfuko wa nailoni, akifyonza polepole na kutazama vinywa vya wenzake.

Vunjajungu ya mwaka aliotimiza miaka minne, bibi yake hakuweza kuvumilia. Akamwita nyuma ya gari, akamlisha kijiko kimoja, kwa bismillahi. Najua sasa kwamba yalikuwa mapenzi. Wakati ule niliona tu midomo ya mwanangu ikiumuka kama andazi, na nikasikia pumzi yake inapiga mluzi. Gari la jirani lilitukimbiza hospitali. Mwenyezi Mungu akatusitiri, Lulu akapona. Lakini pale pale hospitali, mbele ya mume wangu na wifi yangu Jasmin, nilimwambia mama mkwe wangu, "Ulitaka kuniulia mwanangu." Alijifunika uso kwa buibui akatoka, na tangu siku ile salamu zetu zilikuwa zinabebwa na Twalib, huku na kule, kama mfuko wa vitunguu.

Mwaka uliofuata, Shaabani ilipoingia na joto likatukaba makoo, Lulu akaniuliza mambo mawili. La kwanza, kama bibi amenuna. La pili, kama safari hii atakula malai na wenzake. La kwanza nililiruka. La pili nilimjibu bila kufikiri, "Utakula, Inshallah," na mtoto wa miaka mitano ukishamwambia hivyo hasahau.

Nikaanza kuhangaika. Nilichanganya tui na sukari nikatia kwenye friza, likatoka jiwe, tena lenye misumari ya barafu ndani. Nikaponda ndizi mbivu na embe, nikagandisha. Ilikuwa tamu, lakini Lulu alilamba akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, hii ni ndizi ya baridi." Jasmin alipopita akaionja naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, malai yana wenyewe," alisema. Hakusema kwa ubaya, lakini iliniingia. Nikakumbuka kwamba Bibi Chausiku alikuwa akilipika tui taratibu hadi linakuwa zito lenyewe. Nikampigia simu kaka yangu, akaniletea nazi kutoka Miono. Tano nilizikuna siku ile ya mwisho, na tatu zikabaki kwenye kikapu.

Sasa tano zote zimekwenda kwa shikamoo moja.

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia mbele ya mtu ambaye sikutaka kabisa anione nalia, nikiwa nimeshika mwiko unaochuruzika mafuta.

Bi Sabiha akasogea, akachungulia sufuria.

"Limekatika," alisema.

"Limekatika, mama."

"Kwa kuniamkia mimi."

"Hapana, mama."

"Usinidanganye, nina macho." Akageuka, akatoka.

Nikajua ndiyo basi. Kumbe nje kulikuwa na bajaji inamngoja. Alirudi akiwa ameongozana na dereva, na dereva amekumbatia pipa la malai, anahema. Akalitua katikati ya jiko langu dogo, na hapakubaki pa kupita.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema Bi Sabiha, akavua buibui.

Badala ya kufurahi, niliogopa. Pipa lile lilikuwa limekunywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya miaka arobaini. Nikaona ile midomo, nikausikia ule mluzi. Nilitamani kuwa mtu mwenye adabu, lakini nilitamani zaidi mwanangu awe hai.

"Mama, nisamehe. Mashine hii ina maziwa. Lulu hawezi kula kitu kilichotoka humu."

Hakukasirika. Aliketi kwenye kigoda, akafungua kifuniko, akalitoa kopo la bati, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Liling'aa hata nikaona uso wangu.

"Nimelikosha mara saba," alisema. "Moja kwa mchanga."

Aliyepita chuo cha Kurani, hata kama alipita mbio, anajua ni chombo gani kinachooshwa mara saba, moja kwa mchanga. Ni kile alicholamba mbwa. Mwanamke huyu aliyejulikana mji mzima kwa maziwa yake alikuwa ameyaosha maziwa yale kwenye chombo chake kama najisi, kwa ajili ya Lulu.

Kisha akatoa mapezi. Yalikuwa meupe, mapya, bado yananukia randa.

"Haya kachonga fundi Ashrafu. Mbao inakunywa, mwanangu. Kopo unaweza kulisugua, mbao huwezi."

"Na yale ya zamani, mama? Aliyochonga marehemu?"

Alikuwa anapangusa mkono wa chuma kwa ncha ya kanga yake, ingawa haukuwa na kitu.

"Nimechemshia maji ya kukoshea kopo," alisema. "Yameshika moto vizuri. Abdulwahab alikuwa hachongi mbao mbovu."

Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nikasema, "Mama, yale maneno niliyokwambia hospitali..."

"Nazi zimebaki?"

"Zimebaki tatu."

"Nipe mbuzi."

Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia, mama yule ambaye nyumbani kwake nazi hukunwa na wengine, akaanza kukuna. Nilikamua tui, nikalichuja, nikabandika sufuria nyingine. Nilipompa mwiko, kwa heshima, yeye akiwa ndiye bingwa, aliurudisha mkononi mwangu.

"Mimi najua maziwa. Tui unalijua wewe. Koroga."

Nikakoroga. Nyuma yangu nilisikia meno ya mbuzi yakila nazi ya mwisho, ya kunyunyizia juu. Baada ya muda nikasikia ananiita, "Mama Lulu," na nikaanza kugeuka.

"Usigeuke!" alinikemea. "Nijibu huko huko. Ukiniamkia, niamkie na mwiko mkononi. Adabu yako naijua, huna haja ya kunionyesha kwa hasara."

Nilicheka huku machozi hayajakauka. Naye akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima, na ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa nimekikosa. Tui lilishika.

Kesho yake, Mlingotini, tulikaa chini ya mti wa mkungu, tukapokezana kuzungusha mkono wa mashine mpaka malai yakaganda, mkono ukagoma. Bi Sabiha akafungua kopo. Malai yalikuwa meupe, yamelala kimya, na harufu ya hiliki ikawaita watoto kabla hatujawaita. Aligawa kama kawaida yake, akianzia mdogo kuliko wote, mtoto wa Jasmin. Zamu ya Lulu ilikuwa ya nne. Alikuja na mfuko wake wa barafu nyekundu mkononi, kwa mazoea, maskini.

"Bibi, haya ni yangu?"

"Ya wote."

"Na ya maziwa yako wapi?" aliuliza mtoto mmoja mkubwa.

"Yamekwenda zake," alisema Bi Sabiha, na hakuna aliyethubutu kuuliza yamekwenda wapi.

Lulu akatia kijiko kinywani. Mimi nilikuwa natazama midomo yake. Nikainua macho kidogo, nikamwona bibi yake naye amesimamisha upawa hewani, anaitazama midomo ile ile. Tulibaki hivyo, wanawake wawili wazima, tunakodolea kinywa cha mtoto mmoja. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapakutokea kitu, ila sharubu nyeupe. Lulu akalamba kijiko mbele na nyuma, akanyoosha bakuli.

"Niongeze, Bibi."

Bi Sabiha akashusha pumzi kwa nguvu, akamwongeza. Kisha akajaza bakuli jingine, akanipa mimi, kabla ya Jasmin, kabla ya wanawe wote. Jasmin aliona, akanikonyeza.

Miaka mitatu imepita. Leo ni Jumamosi, kesho tunakwenda kuvunja jungu, na joto ni lile lile. Lulu ana miaka minane, ameketi sakafuni anatwanga hiliki na kula nusu yake. Fundi Ashrafu ameshachonga mapezi ya akiba, maana siku hizi hata watu wa soko wanaagiza malai ya tui, na wakiulizwa yanatoka wapi wanasema kwa Bi Sabiha na mkwewe.

Tui limeanza kushika. Nasikia bajaji inasimama nje, nasikia hodi, nasikia Lulu anakurupuka kumlaki, na vile viatu ninavyovijua vinavuka kizingiti. Bibi Chausiku, Mungu amrehemu, angeniona angesema mji umeniharibu.

"Shikamoo, mama," nasema.

"Marahaba, mwanangu," najibiwa, na mbuzi inaanza kukuna.

Sigeuki.