Kitako cha Mnara

Wajenzi waliiita kitako, ile sehemu pana ya chini ambayo mnara unaikalia. Fundi viatu, aliyeshonea chini ya mwavuli mtaani hapo, alilicheka sana neno hilo siku alipolisikia. Baadaye kicheko kikamtokea puani, maana kitako chenyewe kiliukalia mtaa mzima, kona hadi kona, wala hakikuwa na dalili ya kuinuka.

Mkewe alimwonya mapema. Alimtafutia hadi kibanda kwenye soko jipya.

"Baba watoto, kichukue. Hapo patakufa."

"Patakufaje? Kwani picha hujaiona?"

Picha ilibandikwa kwenye uzio wa mabati, ikionyesha mtaa utakavyokuwa: miti, maduka yenye milango wazi, watu wakitembea kwa raha zao. Na chini ya mwavuli wa kijani, fundi viatu. Mwavuli wake mwenyewe, na kile kiraka cha bluu! Mchoraji alikuwa amempiga picha akishona, akamchora vilevile alivyo, akamwongezea wateja watatu wanaosubiri. Fundi aliuamini mchoro ule kama hati ya kiwanja. Kibanda cha sokoni kikachukuliwa na mwingine.

Uzio ulipoondolewa, hapakuwa na mlango hata wa dawa. Maduka yote yaligeuziwa ndani. Nje waliacha ukuta mtupu wa hatua mia mbili na kumi, na matundu yanayopuliza joto la magari yaliyoegeshwa humo. Wenye ofisi waliingia na magari yao, wakapanda juu bila kukanyaga mtaa. Wenye miguu yao wakahamia barabara ya nyuma. Nani apende kuchomwa uso bure? Muuza magazeti akafungasha, kinyozi akamfuata. Fundi akabaki ana kwa ana na ukuta, na ukuta haumalizi soli.

Siku moja karani wa bima, mteja wake kwa miaka kumi na mbili, alimpigia simu. Ofisi yake ilikuwa imehamia ghorofa ya tisa ya mnara.

"Fundi, niletee vile viatu vyangu. Kushuka hadi huko ni mbali, ndugu yangu."

Akazunguka jengo mpaka akaupata mlango, upande wa magari. Mlinzi akamzuia.

"Mafundi hawapiti huku, mzee. Acha mzigo hapa."

Ukutani nyuma ya mlinzi, ndani ya fremu ya kioo, ilitundikwa ile picha.

"Yule pale ni mimi," alisema fundi.

Mlinzi aligeuka, akautazama mwavuli, akamtazama na yeye.

"Basi yule ameshaingia. Wewe acha viatu."

Aliviacha. Akaondoka bila kuaga.

Jioni mkewe alimuuliza kama leo amepata mteja. Aliuliza kwa upole, bila kumsuta, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Watatu," alisema fundi, akivua viatu. "Wamepanga foleni."