Walwal Juu ya Gurudumu

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita Desemba, mwaka elfu mbili ishirini na tano, siku ya pili ya Krismasi, na aliyeomba yawe hivyo alikuwa Lubega mwenyewe.

Aliomba kwa kelele. Kwa muda mrefu vyungu vya kina mama wa Bustani ya Raha, pale Juba chini ya mlima wa Jebel, vilikaa nyuma ya chumba cha jenereta, mahali ambapo mgeni hafiki ila awe amepotea njia ya choo. Mgeni aliingia langoni, akapanda magari ya kugongana, akaogelea, akapiga picha na twiga wa saruji, kisha akaketi ukumbini kula chipsi zilizolala tangu asubuhi. Akarudi kwake Malakia akisema bustani ni nzuri, chakula ndiyo hivyo tu. Na kumbe upande wa pili wa ukuta, kwenye moshi wa dizeli, kulikuwa na chakula ambacho Lubega angeweza kugombana na mtu yeyote kwa ajili yake.

Lubega alikuwa mtu wa Masaka, Uganda, mkaazi wa Gudele, na kazi yake bustanini ilikuwa kuendesha lile gurudumu kubwa linalopandisha watu angani na kuwashusha. Shule alikuwa ameionja tu, akaitema. Mkewe, Namutebi, ndiye aliyewasha moto wa kwanza kule nyuma. Homa ilimbana mchana mmoja hapo hapo jikoni, na gari la bustani halikupatikana kumkimbiza hospitali, kwa sababu wakubwa walikuwa wamelituma uwanja wa ndege kumngoja mgeni wao. Mgeni mwenyewe hakuja. Tangu mazishi, Lubega hakuwasamehe wakubwa jambo lolote. Umeme ukikatika, ni wao. Barabara ikijaa matope, ni wao. Hata mbu akimuuma, Lubega alijua ni ofisi gani iliyomtuma.

Lakini vyungu havikuzimika. Nyaruot, mwanamke wa Kinuer aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, alivishika. Yeye alipika walwal: unga wa mtama unaoviringishwa kwa viganja na maji kidogo kidogo, bila haraka, mpaka uwe punje ndogo ndogo kama shanga, kisha unachemshwa na kumwagiwa maziwa ya mgando. Punje ya Nyaruot haikushikana na mwenzake. Ukiiweka mdomoni inakaa peke yake kwanza, kama inayokusalimia, halafu uchachu wa maziwa unakuja nyuma yake taratibu. Lubega alikulia kwenye ndizi, na mtama kwake ulikuwa chakula cha kuku, lakini siku alipoonja ile walwal alinyamaza mpaka bakuli likaisha, na Lubega hakuwa mtu wa kunyamaza.

Kando ya Nyaruot alikaa Khadijo, Msomali wa Garissa, na anjera zake, chapati laini zenye matundu kama sega la asali. Juu ya anjera aliweka nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo kuliko kucha, ikakaushwa, ikakaangwa kwenye samli yenye iliki mpaka ikawa ngumu kwa nje na laini ukiitafuna. Khadijo alisema nyama hiyo inaweza kusafiri mpaka Kismayu na kurudi bila kuharibika. Hakuna aliyewahi kuiacha ikae muda wa kutosha kumpima.

Na chungu cha tatu kilikuwa cha luwombo. Kuku wa kienyeji, mchuzi wa karanga na uyoga mkavu, vyote vimefungwa ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, vikapikwa kwa mvuke asubuhi nzima. Hiki kilikuwa chungu cha Namutebi. Alimfundisha Nyaruot kukipika, na Nyaruot, ambaye kwao hakuna mgomba hata mmoja, alifunga jani lile kama aliyezaliwa Buganda. Lubega akifungua kifungo chake saa ya chakula, ule mvuke wa kwanza unapompiga usoni, alikuwa akigeuka kidogo upande ili watu wasimwone.

Sasa wakubwa wakataka kuleta kampuni ya kuku wa kukaanga, na kampuni ikataka pale nyuma ya jenereta pajengwe stoo yake. Lubega aliposikia alikwenda ofisini bila kuitwa.

"Mudir," alimwambia Bol, meneja wa bustani, "hiyo chakula hakuna mtu anaijua kwa sababu nyinyi mliificha. Mliificha kama kitu ya aibu. Lete mbele, uone kama chipsi yako itauzwa."

Bol alikuwa kijana wa Kidinka aliyesomea Nairobi, mwenye saa kubwa na subira ndogo. "Mzee Lubega, umenichosha," alisema. "Sawa. Boxing Day nawaweka mbele. Katikati kabisa, chini ya zile taa, na meza ndefu. Jua likizama vyungu vikiwa vitupu, mnabaki. Visipokuwa vitupu, moto unazimwa, kampuni inaingia. Na sitaki kusikia tena hii hadithi."

Lubega alitoka pale akitembea kama aliyetunukiwa nishani.

Basi siku yenyewe ikafika, na bustani ikafurika. Gudele yote ilikuwa imehamia Jebel. Wasichana walivaa nguo za Krismasi, wavulana walivaa viatu vyeupe ambavyo vumbi liliviona tangu mbali. Meza ya kina mama ilikuwa katikati ya uwanja, imetandikwa kitambaa cha maua, viti pande zote, taa za rangi juu zikiwaka mchana kweupe. Lubega aliiona vizuri kutoka kwenye usukani wa gurudumu lake. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, alipiga mluzi.

Mluzi ulimkauka mdomoni. Watu walipita. Walitazama, wakanusa, wengine walipunguza mwendo kabisa, kisha wakaenda zao kula chipsi. Wachache walioketi walikuwa wazungu wawili wa shirika fulani na familia moja ya Kiganda. Hata vijana waliokuwa wakila kule nyuma kila Jumamosi, wanaojua jina la kila chungu, leo walipita wamegeuza shingo kama wanaodaiwa. Mchana ukasogea na walwal ikabaki imejaa.

"Wameogopa hiyo kitambaa," Khadijo alisema. "Wanadhani ni hoteli."

"Ama ni uso wako," Nyaruot akamjibu, lakini hakucheka.

Lubega alimwona Both akipita. Both alikuwa kijana wa Kinuer aliyekulia Kakuma kama Nyaruot, fundi wa simu, mlaji mkubwa wa walwal kuliko wote. Kule nyuma alikuwa akila bakuli moja akiwa ameshika la pili. Leo alikuwa na mchumba wake, Nyamuoch. Lubega alimwachia mwenzake usukani akamfuata, akamshika mkono pembeni.

"Wewe kijana. Leo hiyo walwal imekuwa sumu?"

"Mzee, niachilie," Both alinong'ona. "Mathe wa Nyamuoch ako pale kwa kiti ya blue."

"Sasa?"

"Sasa nini? Unataka mama mkwe anione nikitafuna? Na Nyamuoch mwenyewe pia? Mimi nikule mbele ya msichana ninayemposa?"

"Lakini chipsi mnakula."

Both alimtazama kama mtu anayemfundisha mtoto. "Chipsi si chakula, mzee. Hiyo ni kuchezesha mdomo. Walwal ni chakula. Chakula mwanaume anakula na wanaume wenzake, mahali watu hawaoni. Mbona kule nyuma tulikuwa tunakuja?"

Lubega alisimama pale akiwa amekishika kiwiko cha Both kama mtu aliyesahau ameshika nini. Alirudi kwa Nyaruot.

"Nyabo," alimwita kwa heshima ya Kiganda, "hii kitu ulikuwa unaijua?"

"Naijua, Baba. Ni mila yetu."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umefurahi," Nyaruot alisema, akifukuza nzi kwenye maziwa. "Tulikuwa hatujakuona umefurahi. Nikafikiri labda siku hizi vijana wameacha."

Lubega alipata wa kumlaumu upesi. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Bol na kumwambia yeye ni mtoto wa nchi hii, alijua, na aliwatega makusudi. Bol aliapa kwamba hakujua. "Mimi nilikulia Nairobi, South B, mzee. Kule watu wanakula wakivuka barabara." Lubega akaomba vyungu virudi nyuma ya jenereta hata kwa saa chache. Bol akamwonyesha kwa kidevu: mafundi wa kampuni walikuwa wameshamwaga matofali pale tangu juzi.

"Kumbe mlishaamua," Lubega alisema.

"Jua bado liko juu," Bol alijibu, akafunga mlango.

Lubega alirudi kwenye gurudumu lake akiwa amevimba shingo. Akaketi. Vyumba vikashuka kimoja kimoja mbele yake, vya bati, vyenye milango. Wakubwa walikuwa wameviagiza na vioo vyeusi, upumbavu mkubwa, maana mtu anapandishwa angani kutazama mji halafu anauona kama anachungulia ndani ya chupa ya soda. Lubega alikuwa amevitukana vioo hivyo tangu siku ya kwanza. Chumba kimoja kikasimama mbele yake, kitupu, na yeye akakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akamwita Both kwa kidole.

Sheria ilibandikwa pale pale kwenye nguzo kwa rangi nyekundu: chakula hakiruhusiwi kwenye mashine. Lubega aliiegemea kwa mgongo wakati Nyaruot akimpa Both bakuli lililofunikwa kitambaa. Mlango ukafungwa, gurudumu likapanda polepole, polepole kuliko siku zote, ili maziwa yasimwagike. Kutoka chini hakuna aliyeona kitu. Mama mkwe kwenye kiti cha bluu aliona chumba kinapanda angani kama vyumba vingine. Both aliposhuka, bakuli lilikuwa safi kama limeoshwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kusali.

"Mzee," alisema, "huko juu inakuwa tamu zaidi."

Lubega hakuhitaji kutangaza. Vijana wa Kakuma wana simu. Muda si muda mstari ulizunguka twiga wa saruji. Walipanda wawili wawili, wanaume na wanaume, mabakuli chini ya makoti. Nyamuoch naye akaja, amekunja uso, akataka bakuli lake.

"Panda na mtu wako basi," Lubega alimwambia.

"Sipandi naye. Nitakula aje akiniangalia?"

Basi wakapanda vyumba viwili, kimoja nyuma ya kingine, kila mmoja na chakula chake, na walipomaliza wakapigiana simu huko huko juu, mmoja akimuuliza mwenzake kama amemaliza, wakicheka. Wazee wa heshima zao walikuja na fimbo, wakajidai wanataka kuona mji. Anjera za Khadijo zilipanda zimekunjwa ndani ya gazeti. Wanaume wa Kiacholi, ambao hawana shida ya kula popote, nao walijipanga kwa sababu walisikia kuna siri. Mmoja alishuka akiwa anaramba samli kwenye vidole na kumuuliza Khadijo, kwa sauti ya kuumia, kwa nini hakuna aliyemwambia siku zote hizi kwamba kuna nyama kama hiyo Juba. "Ungepotea njia ya choo ungeijua," Khadijo alimjibu.

Walwal ikaisha. Anjera ikaisha, na Khadijo akageuza sinia chini juu akaketi juu yake. Jua lilikuwa limeegemea bega la Jebel. Katika chungu cha Namutebi kilibaki kifungo kimoja cha luwombo.

Hapo Bol akatokea, na mstari ukafunguka kumpisha.

"Nani ameruhusu chakula kwenye mashine?"

"Mimi," Lubega alisema. Hakuinuka. "Fukuza mimi. Lakini angalia vyungu kwanza."

Bol alivitazama. Chungu kwa chungu. "Hicho si kitupu."

"Kimebaki kimoja," Nyaruot alisema. "Mudir hajakula tangu asubuhi. Kila mtu amekuona."

Alifungua kona ya jani, kidogo tu. Mvuke ukatoka na karanga, na moshi wa jani, na uyoga. Lubega alimwona Bol akimeza mate. Bol akatazama meza ndefu chini ya taa. Akatazama upande wa bwawa, ambako mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani alikuwa ameketi na wajukuu.

"Pale siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Yule ni mama mkwe wangu."

"Nilidhani umekulia South B," Lubega alisema.

Bol alivua saa yake akaitia mfukoni, akapokea sahani, akaingia chumba cha gurudumu, akajifungia. Lubega alilipandisha gurudumu kwa mkono mwepesi, kama anayebeba mtoto aliyelala. Hakumpenda mtu yule. Lakini alikijua kile kifungo, alijua jinsi nyama inavyoachana na mfupa ukiigusa, na hakutaka mchuzi wa Namutebi umwagike kwa sababu ya hasira yake.

Chumba kikafika juu kabisa, kikakaa huko, kikaanza kushuka. Kilipofika chini Lubega akapunguza mwendo. Nyaruot akakiinamia kile kioo cheusi.

"Mudir," aliuliza, "kesho tuwashe moto?"

Kioo kikagongwa kutoka ndani mara mbili, namna abiria anavyomwambia dereva aendelee. Lubega akausukuma usukani, chumba kikapanda tena.

Khadijo alikifuata kwa macho, mkono juu ya paji la uso kujikinga na jua. "Sasa hiyo," alisema, "ni ndiyo ama ni hapana?"