Watu Saba, Siku Sita

Mwalimu Peres hakuzipenda hesabu za vitabuni, zile za treni mbili zinazokutana sijui wapi. Nani Kinoo ana treni? Darasa lake la saba alilifundisha kwa pesa. "Leteni swali la nyumbani kwenu," aliwaambia, "na mtafute moja kwanza: mtu mmoja, siku moja, shilingi ngapi?"

Kalekye ndiye aliyekuwa roho yake. Ilikuwa 2004, masomo yamefanywa bure mwaka uliotangulia, watoto wamejaa hadi mlangoni, lakini katika umati ule wote Peres alikuwa ameapa huyu lazima afike sekondari. Taabu ilikuwa Ijumaa tu. Ijumaa mtoto analala darasani fofofo.

Kalekye akaleta swali lake. Mama anafulia watu nguo, analipwa mia nane na arobaini kila Jumamosi. Pesa hizo zinalisha watu saba kwa siku sita, hadi Alhamisi. Je, watu wakiwa sita? Akalifanya mwenyewe ubaoni. Mtu mmoja, siku moja, shilingi ishirini. Watu sita, siku saba. Wiki nzima!

"Mpigieni makofi ya kilo!" Peres akasema, na darasa likapiga hadi vumbi likatimka. Jamani, alivyofurahi! Hata hakujiuliza ni nani anayepunguzwa.

Jumatatu Kalekye hakuja. Jumanne pia hakuja. Peres akamfuata nyumbani, akamkuta mama yake akisuuza mashati ya watu.

"Alituonyesha hiyo hesabu, Mwalimu," mama alisema bila kuinua macho. "Ameenda Spring Valley kulea mtoto wa watu. Anakula huko huko."

Siku ya Ijumaa Peres alifika kwenye geti la nyumba hiyo ya Spring Valley, moyo unamuuma kama kidonda. Kalekye akatoka, mtoto wa wenyewe mgongoni. Peres alimweleza habari ya mtihani wa mwakani, akamsihi, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, kwani nilikosea wapi?"

Peres alilitafuta kosa. Haki ya Mungu, alilitafuta, yeye ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa hakosi kuliona kosa la mtoto.

"Hukukosea," akasema, na machozi yakamtoka pale pale barabarani.

"Usilie, Mwalimu," Kalekye akambembeleza. "Leo ni Ijumaa na nyumbani wanapika."