Kelele ya Baiskeli ya James

Fanuel alipoisukuma ile baiskeli hadi kibandani, Javan alikuwa ameinama anaziba pancha, na hakuhitaji kuinua kichwa. Kacha-kach. Kacha-kach. Kelele hiyo ilikuwa imepita sokoni Rodi Kopany miaka minne mizima, na mwenye baiskeli alikuwa na mwezi mmoja kaburini.

"Fundi, nyamazisha hii kitu," Fanuel akasema.

"Si tumepata Uhuru? Kila mtu aongee. Iache nayo iongee."

"Omera, ndugu yangu, mimi sicheki."

Kweli hakuwa anacheka. Fanuel ni mdogo wake marehemu James. Wiki iliyopita wazee walikuwa wamefanya keyo nyinyo, ile siku ya kugawa vyuma vya marehemu: jembe kwa huyu, panga kwa yule, mkuki wa babu kwa mwingine. Baiskeli ikamwangukia Fanuel. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyethubutu kuigusa. Hata kuku walikuwa wanaizunguka.

"Jioni nikipita kwa shemeji Rispa," Fanuel akaendelea, "akisikia tu hiyo kacha-kach, anatoka na karai la maji ya moto ya mumewe kuoga. Anaweka nyuma ya nyumba, anatundika taulo. Halafu ndio anakumbuka. Jana alisimama na sabuni mkononi, ananitazama kama mimi ndio nimekufa."

"Si upitie njia ingine?"

"Shamba yangu iko huko. Niruke juu kama ndege?"

Javan akacheka kidogo, akarudi kwenye pancha yake. Ile kelele alikuwa anaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeitia.

James alirudi kutoka migodi ya Macalder na baiskeli mpya, anaipangusa kwa leso kama uso wa mtoto. Aliileta kwa Javan ijazwe upepo tu. Sasa Javan naye, mtu aliyewahi kumfungia pasta kengele ya mbuzi chini ya kiti, angeiachaje? James alipogeuka kununua sigara, Javan akafungua lile bati refu linaloficha cheni, akatupa kizibo cha soda ndani, akafunga. Utani wa siku moja.

Kesho yake James yuko pale, jasho linamtoka. "Javan! Baiskeli mpya inalia kama debe!" Javan akatikisa kichwa kama daktari, akafungua, akapaka grisi kwa vidole viwili. Kizibo kikazama kwenye grisi, kimya. "Imepona." Baada ya wiki moja cheni ikala ile grisi, kizibo kikatoka, kelele ikarudi, na James naye akarudi. Anakaa juu ya kreti, wanakunywa chai, wanasengenya watu saa nzima, grisi inapakwa, anaenda. Miaka minne hivyo. Javan alikuwa amepanga kumwambia siku nzuri. Krismasi ikapita. Siku ya Uhuru ikapita. Halafu ikaja homa ya siku nne, na Javan akajikuta kando ya kaburi na koleo mkononi, na utani wake haujaisha.

"Niachie," akamwambia Fanuel. "Kesho itakuwa kama paka."

Alipobaki peke yake akaigeuza baiskeli miguu juu, akafungua lile bati. Akitoa kizibo tu, basi, mambo yameisha, na hakuna atakayejua. Akachota grisi yote akaiweka juu ya gazeti, akaiminya kwa vidole mpaka mwisho.

Kizibo hakimo.

Akaminya tena. Akaliosha bati kwa mafuta ya taa, hakuna hata tundu ambalo kizibo kingepita. Akakaza cheni, akakaza pedeli. Hakuna kilicholegea. Akazungusha pedeli kwa mkono, bati likiwa wazi mbele ya macho yake. Cheni ilipita katikati, haigusi kitu.

Kacha-kach.

Javan akavuta mkono kama aliyeshika moto.

Akapaka mkebe mzima wa grisi. Kimya. Fanuel akaichukua, na baada ya siku mbili akairudisha. "Wewe fundi gani? Shemeji ametoa maji tena!" Javan akapaka mkebe wa pili. Siku moja tu, ikarudi. Mara ya tatu Javan akasema ataipeleka mwenyewe hadi kwa Fanuel.

Aliondoka saa kumi na moja jioni, grisi inadondoka njiani, baiskeli haitoi hata pumzi. Akapita kanisa, kimya. Akapita mtoni, kimya. Alipofika tu kwenye ua wa minyaa la Rispa, chini ya miguu yake mwenyewe ikaanza. Akaacha kukanyaga pedeli. Ikaendelea.

Rispa akatokea na karai, mvuke umemfunika uso. Akamwona. Akaweka karai chini polepole.

"Ni wewe, Javan."

"Shemeji, hiyo kelele ni yangu."

Akamwambia yote hapo hapo, bado ameipanda baiskeli, akingoja atukanwe. Rispa akageuka. Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai, akatafuta kati ya vifungo na sindano, akatoa kizibo cha soda kilichosuguliwa na cheni mpaka rangi yote imeisha.

"James alikiona mwezi wa kwanza tu," akasema.

"Mwezi wa kwanza? Na ile miaka yote?"

"Grisi yako ikikaa sana, anafungua mwenyewe anaipangusa. Anasema, usimwambie Javan, anajiona mjanja sana. Ati bila hiyo kelele atapata wapi sababu ya kukaa pale na shamba inamngoja?" Akakipangusa kizibo kwa kidole. "Homa ilipoanza akanituma nikitoe, nikuletee. Halafu akafa. Mjane ataingiaje kwa watu kabla mwiko haujaisha? Na siku ya kugawa vyuma nilikuwa nacho kwa leso, lakini niliona haya kuwawekea wazee kizibo mbele."

Akakiweka kwenye kiganja cha Javan, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Basi kulikuwa na chuma moja haijagawiwa. Ni yako. Enda nayo."

Javan akashuka kwenye baiskeli. Akasimama kando ya karai. Wakayatazama yale maji mpaka mvuke ukaisha.

Kutoka hapo baiskeli haikulia tena. Fanuel akawa anasimulia soko zima, "Grisi ya Javan ni kiboko," na Rispa hakutoa maji tena. Fanuel alipita kibandani asubuhi, akapita jioni, na Javan hakujua amepita mpaka alipoona mgongo.

Siku ya nne hakuvumilia. Akaigeuza baiskeli yake mwenyewe, ambayo njia yake haipiti kwa Rispa, akafungua bati, akatia kizibo, akakaza skrubu zote. Grisi hakupaka.

Akaelekea nyumbani jua likiwa bado juu ya kilima. Kacha-kach, chini ya miguu yake. Alipofika mteremkoni akasikia nyingine, nyuma yake kidogo, inakuja bila haraka. Hakugeuka. Akasogea tu ukingoni mwa njia, akaacha nafasi ya kutosha baiskeli mbili.